Kocha Akifungashiwa Virago, Namba ya Mchezaji Huenda Wapi?

Mto Lhubiriha, mpakani mwa Uganda na Kongo, si mpana. Siku ya soko pale Mpondwe, Kiswahili cha Kasindi na cha Bwera huchanganyika juu ya bei ya maharage, vitenge na samaki wakavu, na jua likishaanza kuinama mazungumzo huhamia kwenye mpira. Hapo ndipo jina la Sébastien Desabre linapokuwa na sura mbili. Tarehe 22 Juni 2019, mjini Cairo, Mfaransa huyo aliiongoza Uganda kuifunga Kongo mabao 2-0 katika Kombe la Mataifa ya Afrika, na furaha ikawa ya upande wa Bwera. Novemba 2025 alikuwa amekaa kwenye benchi la Kongo yenyewe, akiitoa Cameroon na halafu Nigeria katika mchujo wa Afrika wa kuwania Kombe la Dunia. Safari hiyo ilikuwa zamu ya Kasindi.

Kocha huvuka mto kwa saini moja. Mchezaji aliyeachwa nyuma hubaki ukingoni, akisubiri kujua kama huyo anayekuja atamwona.

Kocha anapotimuliwa, mabishano huwa ya pointi na makombe: alipoteza mechi ngapi, nani anatajwa kumrithi, klabu itamlipa nini. Wachezaji ishirini na tano waliobaki katika chumba cha kubadilishia nguo hawaulizwi. Wengine waliletwa kwa sababu kocha yule aliwataka kwa majina. Wengine walihama nchi. Wapo waliokataa ofa nyingine kwa neno lake tu. Katika mpira wa Afrika Mashariki, ambako kocha anaweza kuondolewa baada ya mechi mbili mbaya, hiyo ni hatari ya kazi kama zilivyo hatari za mgodini au barabarani, na mzigo wake wote umeachiwa mchezaji.

Patrick Kaddu aliuona upande wake mzuri. Alikuwa mshambuliaji wa KCCA ya Kampala, akicheza ligi ya nyumbani, wakati Desabre alipoamua kumwamini. Tarehe 17 Novemba 2018, katika uwanja wa Namboole, bao lake pekee liliizamisha Cape Verde na kuipeleka Uganda Misri. Miezi saba baadaye akafunga tena, dhidi ya Kongo, katika ushindi ule wa Cairo. Mwaka huohuo RS Berkane ya Morocco ikamsajili. Kipaji kilikuwa chake na jasho lilikuwa lake, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini Desabre alianza kazi Uganda Desemba 2017 na kuondoka Julai 2019 kwenda Pyramids ya Misri. Kaddu angechelewa kuiva kwa mwaka mmoja tu, mlango ule angeukuta na mwenye ufunguo mwingine, na huenda Berkane wasingelisikia jina lake.

Na wenye ufunguo wamekuwa wengi. Milutin Sredojević, Micho wa wote, aliirudisha Uganda kwenye Kombe la Mataifa la 2017 baada ya miaka 39, kisha Julai mwaka huo akajiuzulu kwa madai ya malimbikizo ya mishahara. Moses Basena akashika usukani kwa muda. Akaja Desabre. Septemba 2019 akaja Johnathan McKinstry wa Ireland ya Kaskazini; Machi 2021 akawekwa kando, na Abdallah Mubiru akapewa timu ikiwa imebakiza mechi za mwisho za kufuzu. Uganda ikafungwa na Malawi bao 1-0 mjini Blantyre na kubaki nyumbani. Julai 2021 Micho akarudi, Septemba 2023 akaondolewa, Morley Byekwaso akashikilia, na Novemba mwaka huo akateuliwa Mbelgiji Paul Put. Mikono imebadilishana mara saba katika miaka sita na kidogo. Kijana aliyeitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza mwaka 2017 na kuendelea kuwamo hadi 2023 alilazimika kuanza upya kujitambulisha karibu kila mwaka.

Haya yana uzito wa pekee Kitswamba, kwenye barabara ya Kasese kwenda Fort Portal, jirani na Hima yenye kiwanda chake cha saruji. Kutoka hapo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 300, na klabu kubwa haziji na kamera kila Jumamosi. Kijana wa huku huonekana kwa bahati ya mtu mmoja: mwalimu wa michezo anayemjua kocha fulani, msaka vipaji aliyekuja kutazama mashindano ya shule za sekondari, kocha wa ligi ya mkoa aliyehamia klabu ya juu akakumbuka winga mmoja wa chini ya milima ya Rwenzori. Mtoto wa Kampala asipopendwa na kocha mmoja, kesho hupanda teksi akajaribiwa na klabu nyingine. Wa Kitswamba akikosa mtu wake, nauli ya kurudi ni ileile ya kwenda, na mara nyingi haipo.

Kwa mchezaji, mabadiliko hayaanzii kwenye mkutano wa waandishi wa habari. Huanzia kwenye mfuko wa vizibao. Asubuhi ya kwanza ya mazoezi chini ya kocha mpya, msaidizi huingia uwanjani na mfuko begani, na kila mchezaji huanza kuhesabu bila kuonekana anahesabu. Vizibao kumi na kimoja vya njano ndiyo timu inayofikiriwa kwa Jumamosi. Msaidizi anagawa: kipa, mabeki wawili wa kati, beki wa kulia. Beki wa kushoto aliyecheza mechi zote za msimu ananyoosha mkono kwa mazoea, kizibao kinampita na kutua kwa jirani yake. Hakuna aliyesema neno. Hajakosea lolote, hata mpira haujaguswa. Yeye hupewa cha buluu na kwenda upande wa pili pamoja na vijana wa akiba, na jioni mkewe akiuliza siku ilikuwaje, atasema nzuri.

Ni kweli kwamba kubadilika kwa kocha kuna neema zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na wachezaji wanaosugua benchi huomba mgeni huyo aje haraka. Denis Omedi alikuwa akiichezea Kitara ya Hoima, huku huku magharibi, wakati Put alipompa nafasi. Septemba 2024 akafunga ugenini Afrika Kusini katika sare ya 2-2, na Januari 2025 akahamia APR ya Rwanda. Kocha mpya haoni deni kwa majina ya zamani, na pengine hiyo ndiyo faida kubwa ya kumleta. Tatizo ni kwamba pale anapomvika mmoja kizibao cha njano, amemvua mwingine, na mara nyingi aliyevuliwa ameshikiliwa na mkataba ambao haumruhusu kuondoka wala haumhakikishii kucheza.

Mfano ulio wazi kuliko yote umetokea mbali sana na Rwenzori, katika jiji la Montreal, Kanada, na ndani yake wamo Waafrika Mashariki wawili.

Mustafa Kizza, beki wa kushoto wa KCCA mwenye kasi na krosi za kuumiza, alisajiliwa na klabu ya Montreal katikati ya mwaka 2020. Kocha wa klabu hiyo alikuwa Thierry Henry. Kwa Waganda wengi sentensi hiyo peke yake ilitosha: kijana wetu ameitwa na Henry. Janga la korona likachelewesha safari yake. Alipokuwa anatarajia kuanza msimu kamili, Februari 2021 Henry alijiuzulu ili awe karibu na watoto wake, sababu ambayo hakuna mzazi wa kuilaumu. Msaidizi wake, Wilfried Nancy, akapandishwa Machi. Kizza alipata mechi kadhaa, na ulipokwisha msimu wa 2021 klabu haikuendelea naye. Akatafuta maisha Ureno.

Katika chumba hichohicho alikuwamo Victor Wanyama wa Kenya. Naye aliletwa enzi za Henry, Machi 2020. Henry akaondoka, Wanyama akabaki hadi 2023. Kwa nini mmoja alitikisika na mwingine akasimama? Wanyama alikuwa amekwisha kupita njia hiyo. Mauricio Pochettino alikuwa kocha wa Southampton klabu hiyo ilipomchukua kutoka Celtic mwaka 2013, akamwacha hapo mwaka 2014 alipokwenda Tottenham, kisha mwaka 2016 akamfuata na kumvuta London. Msimu wake wa kwanza Tottenham alicheza mechi 36 za Ligi Kuu ya Uingereza. Baadaye majeraha ya goti yakamla, Novemba 2019 Pochettino akafukuzwa, José Mourinho akaingia, na miezi minne haikupita kabla Mkenya hajaondoka. Alipofika Montreal alikuwa na jina ambalo kocha yeyote angelikuta limekwisha kuandikwa. Kizza alikuwa na miezi michache tu mbele ya macho ya Nancy kujiandika lake.

Hapo ndipo panapouma. Kubadilishwa kwa kocha huwapima wachezaji wote kwa kipimo kimoja, lakini hawakuanza na akiba moja. Mwenye miaka kumi ya kazi ana wakala, ana picha za mechi zake, ana kocha wa zamani wa kumpigia simu. Kijana aliyetoka ligi ya nyumbani ana mguu wake tu, na mguu haupimwi ukiwa umekaa kwenye benchi.

Karibu na nyumbani, habari ya Robertinho bado haijasahaulika Kitende, nyumbani kwa klabu ya Vipers. Mbrazili huyo aliipa Vipers ubingwa wa Uganda msimu wa 2021/22, na Oktoba 2022 vijana wake waliiondoa TP Mazembe kwa penalti palepale Lubumbashi, wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kabla hata mechi ya kwanza ya kundi haijachezwa, Januari 2023, Simba ya Dar es Salaam ikamchukua. Ratiba haina huruma: Simba na Vipers walikuwa kundi moja. Februari, Robertinho alirudi Kitende akiwa mgeni na kuondoka na ushindi wa 1-0, bao la Henock Inonga. Machi, Dar es Salaam, Clatous Chama akafunga lingine na matokeo yakawa yaleyale. Wachezaji wa Vipers walikuwa wamefika kwenye jukwaa kubwa zaidi la maisha yao ya mpira, jukwaa ambalo wasajili wa Afrika nzima hulitazama, na mtu aliyewafundisha jinsi ya kusimama juu yake alikuwa upande wa pili, akijua kila udhaifu wao. Klabu yenyewe iliinuka upesi. Alex Isabirye alikabidhiwa timu na kumaliza msimu na ubingwa pamoja na Kombe la Uganda. Lakini mechi za makundi hazichezwi mara ya pili.

Kule Simba, Moses Phiri naye alikuwa na hadithi yake. Mzambia huyo alifika mwaka 2022, akafunga mabao kumi ya ligi kabla mwaka haujaisha, halafu akaumia Desemba. Haki isemwe, jeraha lilitangulia. Aliporudi akamkuta Robertinho, na Robertinho akiwa na Jean Baleke, na Jumapili baada ya Jumapili mashabiki wakawa wanauliza Phiri yuko wapi. Novemba 2023 Robertinho naye akatimuliwa baada ya Yanga kuichapa Simba 5-1. Akaja Abdelhak Benchikha. Januari 2024 Phiri akapelekwa kwa mkopo Power Dynamos, nyumbani kwao Zambia. Katika miezi kumi na minane alifanya kazi chini ya Zoran Maki, Juma Mgunda, Robertinho na Benchikha. Fundi seremala akipitia mabosi wanne kwa muda huo, bado ubao ni uleule na msumeno ni uleule. Mshambuliaji hubadilishiwa kazi yenyewe: huyu anataka akae ndani ya boksi, huyu anataka ashuke kuchukua mpira, wa tatu anataka akimbize mabeki, wa nne ana mtu wake.

Watetezi wa timuatimua wataitaja Yanga, na wana hoja. Tangu Novemba 2024, Miguel Gamondi alipoondolewa, hadi Oktoba 2025, benchi hilo lilipitiwa na Sead Ramović, Miloud Hamdi, Romain Folz na Pedro Gonçalves, na katikati ya hayo yote klabu ikabeba ubingwa wa 2024/25. Klabu yenye kikosi kipana inaweza kuvumilia. Hata mchezaji mmoja mmoja anaweza. Khalid Aucho wa Uganda alivaa jezi ya Yanga kuanzia 2021 chini ya Nasreddine Nabi, akaendelea kwa Gamondi, kwa Ramović, kwa Hamdi, na kuondoka na mataji manne ya ligi. Kiungo mkabaji anayekata mipira na kutoa pasi salama hupendwa na kila mwalimu. Hata hivyo, alipoondoka mwaka 2025 alikwenda Singida Black Stars, na aliyemkuta huko kwenye benchi alikuwa Gamondi. Hata mchezaji asiyeyumba hupenda kuwa mahali ambapo hatakiwi kujieleza upya.

Mbwana Samatta anaonyesha jambo jingine, na ndilo linalopaswa kusomwa na viongozi wa klabu. Alitua Genk, Ubelgiji, Januari 2016 chini ya Peter Maes. Maes akaondoka, akaja Albert Stuivenberg, kisha Philippe Clement. Makocha watatu, na Samatta akazidi kupanda: msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Genk ni klabu inayoishi kwa kukuza na kuuza wachezaji. Usajili ni wa klabu, na kocha anayeajiriwa huja kufanya kazi na waliopo. Huku kwetu mambo mara nyingi huenda kinyume. Kocha huja na orodha yake, viongozi hununua, kocha huondoka, orodha hubaki kama vyombo vya mpangaji aliyehama usiku.

Na sheria? Ipo, lakini ina mkono mfupi. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinamruhusu mchezaji aliyekwisha kujijenga katika kazi kuvunja mkataba iwapo katika msimu mzima alicheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu yake. Lazima achukue hatua ndani ya siku 15 baada ya mechi rasmi ya mwisho ya msimu, na bado anaweza kudaiwa fidia. Kijana wa miaka kumi na tisa anayeanza kazi hawezi kuitegemea kanuni hiyo, na ndiye anayeihitaji kuliko wote. Kanuni hizohizo zinasema mchezaji asichezee zaidi ya klabu mbili mechi rasmi kwa msimu mmoja. Aliyekwisha kutumia nafasi hizo, kisha kocha wa klabu ya pili akaondoka Februari, hana pa kwenda hadi msimu mpya.

Chancel Mbemba anajua baridi ya kuachwa nje. Beki huyo mzaliwa wa Kinshasa alicheza kwa kawaida Newcastle msimu wa 2015/16 aliosajiliwa Steve McClaren akiwa kocha. Rafael Benítez alipojenga timu yake, Mbemba akawa wa kuingia mara chache, hadi Porto ilipomfufua. Miaka ikapita, na Marseille ikamleta tena kwenye jaribu hilo, safari hii kali zaidi. Alikuwa nguzo ya ulinzi chini ya Igor Tudor na makocha watatu waliofuata. Mwaka 2024 klabu ikamleta Roberto De Zerbi, na Mbemba, akiwa pia na mvutano na uongozi, akatengwa na kikosi cha kwanza. Msimu wa 2024/25 hakucheza mechi hata moja ya Marseille. Alikuwa nahodha wa taifa lake, mwenye miaka thelathini, anayepokea mshahara bila kupewa jezi.

Aliyemweka hai ni kocha mwingine. Desabre hakumfuta. Mbemba akahamia Lille mwaka 2025, na tarehe 13 Novemba mwaka huo, Morocco, dakika za nyongeza zikiwa zimeanza kuhesabiwa, akafunga bao pekee lililoitoa Cameroon. Siku tatu baadaye ni yeye aliyepiga penalti ya mwisho iliyoitoa Nigeria. Mtu aliyeonekana hafai kupangwa kwa mwaka mzima alibeba taifa la mamilioni kwa mguu uleule.

Basi klabu za ukanda huu zinaweza kufanya nini? Zinaweza kuanza kwa kuwa na mkurugenzi wa ufundi ambaye haondoki na kocha, mwenye sauti ya mwisho juu ya nani anasajiliwa na kwa mchezo wa aina gani. Zinaweza kuweka katika mikataba ya vijana kifungu kinachomruhusu mchezaji aende kwa mkopo kocha aliyemsajili akiondoka na dakika zake zikashuka chini ya kiwango kilichoandikwa. Shirikisho linaweza kudai kifungu hicho kabla halijapokea usajili wa mchezaji wa chini ya miaka 21. Gharama yake ni karatasi na kalamu. Klabu inayoweza kumlipa kocha wa tatu kwa mwaka haiwezi kusema imeshindwa.

Hadi siku hiyo itakapofika, mzigo uko kwa wazazi na walimu. Mtu wa Kampala atakapoketi sebuleni Kitswamba na mkataba wa miaka minne mkononi, chai ikiwa mezani na mtoto akitazama viatu vyake vipya, kabla ya kuuliza mshahara ni kiasi gani, baba na mama waulize ni nani hasa aliyemwona mtoto huyu akicheza, na mkataba wa mtu huyo na klabu unaisha lini.